Kabla hujanunua beki mpya ya saksofoni, angalia waliosimama kando yako

Wapiga saksofoni wengi wa Goma, rekodi yao ya jazi ikitoka inakwaruza, wanakimbilia beki mpya (kipande kinachoingia mdomoni) au anshi ngumu zaidi (ule ulimi mwembamba unaotetemeka kwenye beki). Mara nyingi chombo hakina kosa. Kosa liko kwenye toni aliyoichagua mpiga gitaa, kwenye fimbo za mpiga ngoma, na kwenye mabati juu ya kichwa.

Msikilize Sonny Rollins, mpiga saksofoni wa jazi wa Marekani, wa mwaka 1957. Tarehe 7 Machi, huko Los Angeles, alianza kurekodi saa tisa usiku, bila piano, Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye ngoma. Tarehe 3 Novemba yuko New York, kwenye klabu ndogo ya Village Vanguard, mbele ya watu. Jioni hiyo besi ni ya Wilbur Ware, ngoma za Elvin Jones, na piano hakuna tena. Mtu ni yule yule, na bado anapiga saksofoni ya tenori. Lakini kwa Manne, anayegonga kipande cha mbao kilie kama kwato za farasi, Rollins anaacha nafasi pana na kuchezea wimbo polepole. Kwa Jones, ambaye ngoma zake zinaviringika bila kutulia, anasukuma na kujibu kila pigo. Na kwa kuwa hakuna piano, mara zote mbili ni noti zake zinazobeba chodi, yaani noti zinazolia pamoja chini ya wimbo.

Sasa tuje kwetu, ambako gitaa ndilo linaongoza, na gitaa linapenda toni za La na Mi. Saksofoni haiiti noti kwa majina yale yale ya gitaa. Gitaa likiwa La, tenori inapiga katika Si, yenye dieze 5 (noti zilizopandishwa nusu toni). Alto, saksofoni ndogo kuliko tenori, inapiga katika Fa dieze, yenye dieze 6. Vidole vinaogopa, mpigaji anajificha kwenye noti tatu alizozizoea, na msikilizaji anadhani hana mawazo. Mpiga gitaa aweke kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza na abaki na vidole vyake vile vile vya La. Inatoka Si bemoli (Si iliyoshushwa nusu toni): tenori inapata Do, alto inapata Sol. Jaribuni wimbo uleule kwa njia zote mbili mrekodi kwa simu. Tofauti itasikika ndani ya dakika moja.

Mpiga kinanda naye atoe mkono wa kulia wakati wa solo. Noti mbili za mkono wa kushoto, ya tatu na ya saba ya chodi, zinatosha.

Ngoma ndizo zinazoharibu zaidi. Fimbo nene ndani ya chumba cha mita 4 kwa 4 zinamlazimisha mwenye saksofoni kupuliza kwa nguvu. Taya linabana, anshi inazibwa, noti zinapanda na kuwa nyembamba, na ile sauti ya chini yenye pumzi ndani yake inapotea. Hakuna kompyuta itakayoirudisha. Omba brashi, na sahani moja tu.

Mikro ikae sentimita 40 hadi 50, ielekee vidole vya mkono wa kushoto. Ukiichomeka kwenye mdomo mpana wa saksofoni, noti za chini zitanguruma na nyingine zitafifia, maana noti nyingi zinatokea kwenye matundu ya pembeni. Tundika blanketi mbili nzito nyuma ya mpigaji: mikro inamtazama yeye, kwa hiyo ukuta wa nyuma yake ndio unaoingia kwenye rekodi. Mvua ikianza kupiga mabati, simameni. Siyo kwa sababu ya kelele peke yake. Asiyesikia besi hajui yuko kwenye chodi gani.

Usiku wa Goma una baridi, na sauti ya saksofoni yenye baridi iko chini ya ile ya kinanda. Usisukume beki ndani haraka, kwani chombo kikipata joto utakuwa juu mno. Puliza dakika 10 kwanza, halafu linganisha. Mkisubiri umeme urudi, saksofoni inapoa, kwa hiyo ilinganishe upya kabla ya kupiga tena.