Kuunda Ndege Yenye Bawa Juu ya Bawa: Usilikimbilie la Juu

Anayetaka kuunda ndege ndogo ya plastiki ya aina hii namshauri aanze na Tiger Moth ya Airfix, kampuni ya vifurushi vya kuunganisha, kipimo cha 1/72. Ndege halisi ilikuwa na mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Gawanya kwa 72 upate kama sentimita 12.4, inatosha kiganjani. Tena hapa Nairobi ukoo wake si mgeni. Kampuni ya ndege ya Wilson Airways, aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilianza na Gipsy Moth moja, ndege ambayo Tiger Moth ilitokana nayo. Jina la Wilson ndilo tunalolitaja hadi leo tukipita uwanja ule wa ndege wa Lang'ata Road.

Vifaa visikutishe. Maduka ya urembo ya Dubois Road yana tupa za kucha za kulainishia viungo, na vile vibanio vya kung'olea nyusi hushika vipande ambavyo vidole haviwezi. Ongeza wembe, mshumaa na gundi nyeupe ya mbao.

Sasa bawa la juu. Kila kitu kipakwe rangi kabla halijakaa mahali pake, kwa sababu likishafunika, brashi haitafika tena katikati. Mwezi wa Julai, baridi ikikolea, rangi iache ilale usiku kucha hata kama inaonekana imekauka. Kwenye sehemu za kubandikia nguzo, yaani vijiti vinavyobeba bawa la juu, kwangua rangi hadi plastiki ionekane, maana gundi ya plastiki hushika plastiki, haishiki rangi.

Anza na nguzo fupi za katikati, zile zinazobeba tangi la mafuta, ukitumia gundi inayochelewa kukauka. Supagluu hapa siipendi kabisa: haikupi nafasi ya kurekebisha, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya rubani. Egemeza bawa kwa vipande vya katoni, kisha pima kwa rula kutoka kila ncha hadi mkiani. Pande zote mbili zilingane.

Ila usijaribu kulinyoosha bawa la Tiger Moth liwe juu kabisa ya lile la chini. Wabunifu wa de Havilland, kampuni iliyoiunda ndege halisi, walisogeza sehemu ya katikati mbele makusudi, ili anayekaa kiti cha mbele aweze kutoka akiwa na parashuti, halafu wakarudisha ncha nyuma kidogo kulinda mizani ya ndege. Mkao huo ndio sura yake. Ukiupoteza, rangi nzuri haitakusaidia.

Baada ya hapo ni waya, na wengi huziacha kwa woga. Msiziache! Kwenye ndege halisi ndizo zilizoyashikilia mabawa yasivunjike hewani. Chukua kipande cha ile fremu iliyobeba vipande, kipashe juu ya mshumaa hadi kilegee, kiondoe motoni, kivute taratibu. Kitatoka uzi mwembamba kama unywele. Kata kwa urefu, bandika kwa tone la gundi nyeupe, na ikishakauka sogeza kijiti cha udi kinachofuka karibu, bila kugusa. Uzi ukipata joto hujikaza wenyewe. Tangulia na waya za ndani karibu na rubani, za nje ziwe za mwisho, ili mkono usirudi ulikokwisha kupita.