Kazi ya kwanza ya uuguzi Lubumbashi, kama unalenga hospitali ya askari

Kosa la kawaida la wadogo zetu wanaotoka ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, ni kusambaza barua za kuomba kazi kila mahali, kuanzia hospitali kuu ya Sendwe hadi kliniki ndogo za mtaa wa Katuba, kisha kukaa nyumbani kungoja simu. Hakuna hospitali mjini iliyokosa barua. Inachotafuta ni mtu ambaye wakubwa wa idara wameshaona anavyofanya zamu. Kwa hiyo chagua mahali pawili tu, upafuatilie mpaka wakujue.

Ukichagua hospitali ya jeshi, kama ile ya Kambi Vangu, anza kwa kujua wagonjwa wake. Si askari waliojeruhiwa peke yao. Hospitali za jeshi nchini Kongo hupokea wake na watoto wa askari, wazee waliostaafu, na raia wa mitaa ya karibu. Barua inayosema unapenda upasuaji tu inakufungia mlango wa uzazi na wa watoto, na huenda nafasi iko huko.

Dosie yenyewe, yaani faili la maombi, si ngumu: barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya diploma iliyothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha za pasipoti, kopi ya kadi ya mpiga kura, na uthibitisho kwamba umejiandikisha Ordre des Infirmiers, chombo cha taaluma ya wauguzi kilichoundwa kwa sheria ya 2016. Katika sentensi ya kwanza ya barua taja kiwango chako, A2 (sekondari), A1 (graduat) au A0 (licence), maana ndicho kinachoamua utapangwa wapi. Kinachoua dosie nyingi ni majina. Diploma inaandika Kabwe, kadi inaandika Kabue. Au postnom, lile jina la pili, imeruka ikakaa mahali pa jina la kwanza. Siku ya kupeleka barua hakuna anayeona. Itaonekana siku ya kuombewa matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, na hapo utazungushwa ofisi hadi ofisi. Rekebisha mapema, ukianzia shuleni.

Peleka nakala mbili sekretarieti. Moja irudi kwako na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kambini nenda na kitambulisho, sema wazi unamfuata nani, na simu ibaki mfukoni. Kupiga picha ndani ya kambi kunatosha kumaliza safari yako getini.

Kabla ya kusema ndiyo, uliza habari ya pesa bila haya. Mshahara wa serikali na prime (nyongeza) ya hatari humfuata mwenye matrikule aliyeingizwa kwenye orodha ya malipo. Anayeitwa "nouvelle unité", yaani mtumishi mpya, ana barua ya kupangwa kazi lakini bado hajaingizwa, na anaweza kukaa hivyo miaka. Huyo huishi kwa prime ya ndani, inayotoka kwenye mapato ya hospitali, na mwezi wenye wagonjwa wachache nayo hupungua. Hospitali ya jeshi ina swali la ziada: nafasi hii ni ya raia, au wanataka uingie jeshini? Hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Usikubali ya pili kwa sababu tu ya kwanza inachelewa.

Ukipewa majaribio, ndipo kazi inapopatikana au kupotea. Mkuu wa wauguzi atakutazama kwenye mambo madogo. Chukua serumu, maji ya mshipani: lita 1 kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita: zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Wengi wanajua hesabu hiyo kwenye daftari, lakini kitandani wanafungua kwa kukisia. Shika saa, uhesabu matone dakika nzima.

Askari wa zamani wanaleta majeraha ambayo staji (mafunzo ya vitendo) nyingi hazikufundishi vya kutosha. Kigutu cha mguu uliokatwa huoshwa, hukaushwa hata kwenye mikunjo, kisha bandeji huanzia nchani kwenda juu, kwa mtindo wa namba nane, ikikaza zaidi nchani. Ukikaza juu kuliko chini, maji yanakusanyika nchani na kigutu kinavimba. Akilalamika kwamba vidole vya mguu uliokatwa vinamuuma, usicheke wala usimbishie: maumivu hayo ni ya kweli, yaandike na umwambie daktari. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na saa iandikwe palepale, si asubuhi kwa kukumbuka. Usiku usimwamshe aliyepigana vita kwa kumshika bega. Simama upande wa miguu, mwite kwanza. Na umwite vipi? Muulize mwenyewe: mmoja anapenda Papa, mwingine anataka cheo chake.

Ukikubaliwa, usiridhike na neno la mdomo. Dai barua ya kupangwa kazi, na siku ya kwanza hakikisha hati ya kuanza kazi imesainiwa na kupigwa muhuri. Piga kopi kadhaa, na seti moja iwe nje ya hospitali, kwa mzazi au kwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Inapokuja hesabu ya watumishi, asiye na hati hizo huambiwa arudi nyumbani kuzitafuta, na orodha hufungwa bila jina lake.