Mzee akikabidhi kiwanda kwa binti, usimruke binti

Nilianza kununua vitenge Keqiao, soko la vitambaa kule Shaoxing, China, kwa mzee mmoja tu mwenye kiwanda. Nikifika ananimiminia maji ya moto kwenye bilauri yenye majani ya chai, ananionyesha bei kwenye kikokotoo, tumemaliza. Hata karatasi hatukuandikiana. Safari moja nafika, kiti chake kakalia binti yake, mtoto wa pekee, kasoma nje. Bilauri ya mzee ilikuwa bado ipo dirishani, na kifuniko chake.

Binti akanitajia bei. Nikaona kapandisha, nikatoka nje nikampigia mzee WeChat. Akacheka, akasema tutaona. Siku ya tatu naambiwa bei ni ileile aliyoitaja binti, malipo ya awali yametoka asilimia 30 yamekuwa 50, na zamu yangu ya mashine imerudishwa nyuma wiki mbili. Mzigo ulifika Dar Idi imeshapita. Vitenge vya Idi baada ya Idi umuuzie nani?

Nilikasirika sana, lakini kosa lilikuwa langu. Sera ya China ya mtoto mmoja ilianza mwaka 1980 hivi, kwa hiyo wenye viwanda wengi wana mtoto mmoja basi, na kwa wengine huyo mmoja ni binti. Naye akikalia kiti, kila jicho liko kwake. Mwangalie Zong Fuli wa Wahaha, kampuni ya vinywaji ya Hangzhou. Baba yake alifariki Februari 2024. Julai binti akaandika barua ya kujiuzulu, akisema kuna wanahisa wanaohoji uendeshaji wake. Alirudi baada ya siku chache, Agosti akawa mwenyekiti, na mwaka 2025 akaachia ngazi. Yang Huiyan naye alipokea kwa baba yake uenyekiti wa Country Garden, kampuni ya kujenga na kuuza nyumba, mwaka 2023, mwaka uleule kampuni iliposhindwa kulipa madeni yake. Sasa na wewe mteja ukimruka ukaenda kwa baba, umejiunga na wanaomtilia shaka. Atakunyoosha, na mimi ningekunyoosha.

Kwa hiyo ukikuta mabadiliko, anza kwake. Muite kwa jina la ukoo na "zong", kama Chen zong, yaani bosi Chen. Mambo ya "binti wa mzee" yaache nyumbani. Makubaliano ya mdomo uliyokuwa nayo na baba yahesabu yamekufa: andika upya yadi, uzito wa kitambaa, rangi, tarehe ya kupakia. Na ukitumiwa akaunti mpya ya benki, usilipe kwa ujumbe tu. Piga simu ya video umwone mwenyewe akikusomea namba. Matapeli wanapenda sana kipindi cha makabidhiano.

Mzee usimtupe, lakini. Mwaka jana nilimpelekea korosho za Mtwara. Tukanywa chai, akaniulizia watoto. Nikajisahau, nikagusia bluu iliyochuja kwenye mzigo uliopita. Mzee akatia korosho mdomoni, akaninyooshea kidole mlango wa pili, kwa binti.