Ukitaka kusomea tiba burudani, soma hii kwanza

Juma lililopita msichana mmoja wa Bungoma aliniandikia. Amemaliza kidato cha nne, alama zake zinatosha kuingia chuo, na moyo wake uko kwenye tiba burudani, yaani kumsaidia mgonjwa apone kwa michezo na shughuli anazozipenda. Baba amekataa katakata: hatauza ng'ombe ili binti akasomee kucheza. "Dada, kazi iko kweli, ama niende tu ualimu kama wenzangu?"

Kazi iko. Ila hutaikuta kwenye matangazo kwa jina lake, na laiti kuna mtu angenieleza hilo mapema.

Mimi nilisomea mambo ya burudani na michezo Nairobi, nikaegemea upande wa wagonjwa na watu wenye ulemavu. Miaka ya chuo nairuka, ilikuwa kama ya kila mtu: mkopo wa serikali wa HELB unachelewa, chapati madondo inaokoa. Taabu ilianza nilipohitimu. Kwenye matanga ya nyanya kule Butere, mjomba alisimama kutambulisha wasomi wa ukoo. Huyu daktari, huyu mwalimu, yule anasomea sheria. Aliponifikia akasema, "Na huyu alisomea kuruka kamba." Hema zima likacheka, mpaka mchungaji. Nami nikacheka. Mjomba, kama unasoma hapa, sijasahau.

Kwenye mahojiano mambo yalikuwa yale yale. Hospitali moja ya kibinafsi ilinikalisha mbele ya watu wanne, mmoja akapekua vyeti vyangu kisha akauliza, "Kwa hivyo utakuwa unapigia wagonjwa muziki?" Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Hawakunipigia simu, na siku hizi nashukuru.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Kituo kimoja cha wagonjwa wa kiharusi na majeruhi wa ajali hapa Kisumu kilikuwa kinatafuta msaidizi wa wodi, nikaomba, nikapata. Nilisukuma viti vya magurudumu, nikatandika vitanda, hayo hayana hadithi. Hadithi ni ya mzee mmoja wa Siaya, fundi seremala aliyestaafu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Watu wa fiziotherapi walimpa mpira laini wa kubonyeza. Anaubonyeza mara mbili, anauweka kando, anageukia ukutani.

Nikamuuliza jioni zake zilikuwaje kabla ya kuugua. Akaniambia: ajua, ule mchezo wa bao na komwe, chini ya mwembe, mpaka giza. Basi nikatafuta ubao wa ajua, nikauweka upande wake wa kulia, na mpinzani nikamletea mzee mwenzake wa kitanda cha pili anayependa kujigamba. Ukitazama vizuri, ajua ni mazoezi matupu. Kuokota komwe shimoni lazima kidole gumba na cha shahada vikutane; kuzigawa moja moja lazima kiganja kijue kuachilia polepole. Mwanzoni alicheza kwa mkono wa kushoto, nikanyamaza. Mpinzani alipomla shimo lililojaa na kuanza kuringa, mzee akasahau kwamba ni mgonjwa. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe. Ukatetemeka, komwe mbili zikaanguka, akatoa tusi la Kidholuo ambalo siliandiki hapa, akaziokota tena.

Nami nikaandika kwenye daftari. Hapo ndipo penye taaluma yenyewe, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Unampima mtu kwanza, unapanga shughuli yenye lengo, unaiendesha, halafu unapima tena uone imefaa au la. Daftari langu lilikuwa na mambo kama: leo mkono wa kulia umetumika mara ngapi bila kukumbushwa, amekaa wima dakika ngapi, amezungumza na nani bila kulazimishwa. Sista mkuu alilisoma akalipeleka kwa daktari, na tangu siku hiyo nikawa naitwa kila daktari anapozunguka wodini. Mwezi uliopita nimekabidhiwa kitengo kizima cha shughuli za wagonjwa, na mlango una bango. Nimelipiga picha nikaituma kwenye grupu ya ukoo ya WhatsApp. Mjomba ameweka kidole gumba tu, hakuandika neno.

Sasa turudi kwa binti wa Bungoma, na kwa baba yake, kwa sababu ng'ombe ni wake na ana haki ya kuuliza.

Mwambie mzee habari za daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa akitibu wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zamani majeruhi wa namna hiyo walilazwa wakingoja kufa. Yeye aliingiza michezo katika matibabu yao, na mwaka 1948 akaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, washiriki 16 walio kwenye viti vya magurudumu. Kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki, ya kwanza Roma mwaka 1960. Wakenya wenzetu wameleta medali kutoka huko. Kama huko ni kucheza tu, basi mzee aniambie kazi ni ipi.

Lakini wewe, mdogo wangu, usiende kichwa kichwa. Hapa Kenya tiba burudani haina sheria yake wala baraza la kukupa leseni. Ndugu yake wa karibu anayo: ile kozi ambayo hospitalini kila mtu huiita OT, inayomfundisha mgonjwa upya kuoga, kuvaa na kushika kijiko, ilipata sheria yake mwaka 2014, na diploma yake inafundishwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kama nyumbani pesa ni za kubahatisha, anza na hiyo. Utapata leseni, kisha burudani utaiongeza juu yake. Ukitaka burudani moja kwa moja, Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha shahada za upande huo, lakini jiandae kuajiriwa kwa majina mengine: msimamizi wa shughuli, msaidizi katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, mfanyakazi wa nyumba ya kurekebisha walevi. Jina lisikutishe. Ingia, kisha andika.

Na hawa maajenti wanaotembea Kakamega na Kisumu na karatasi za vyuo vya Kanada, wasikize kwa sikio moja. Ni kweli vyuo vya kule vinatoa diploma ya fani hii, na nyumba za wazee huwaajiri wahitimu wake. Wasichokuambia ni kwamba cheti kinachoheshimika zaidi Amerika Kaskazini, kile cha mtaalamu wa tiba burudani kiitwacho CTRS, kinadai shahada kamili, mtihani, na mafunzo kazini ya saa zisizopungua 560 kwa wiki 14 mfululizo chini ya mtu aliye nacho tayari. Diploma peke yake haikufikishi. Shamba la familia lisiuzwe kwa maneno ya mtu anayelipwa kwa kila kichwa.

Vijana wa siku hizi mnapenda cheti kuliko mtu. Wanakuja kwangu wakinukuu nadharia, lakini hawajamuuliza mgonjwa anapenda nini. Uliza. Kaa naye. Halafu andika. Nimesema kuandika tena? Nitasema mpaka mchoke, kwa sababu daktari hasomi furaha usoni mwa mgonjwa, anasoma faili. Anayeandika hubaki, asiyeandika huonekana amekuja kupiga stori na wazee, na bajeti ikipunguzwa ndiye wa kwanza kutoka.

Binti, ukifika chuo na ukahitaji pa kufanyia atachimenti, njoo. Leta barua ya chuo, bima, daftari la kurasa nyingi na viatu vya kufunika vidole. Spika usibebe, wa mwisho aliyekuja na spika aliwaamsha wagonjwa walioumia kichwa wodi nzima, sista bado ana hasira hadi leo.