Maswali na Majibu: Katiba ya Uhuru ya 1961 ilifutwa kwa uwezo wa nani?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa kwanza. Mhadhiri wetu anasema Katiba ya Uhuru ya Tanganyika ilitolewa na Malkia wa Uingereza, si na Bunge letu. Kama ndivyo, Bunge lililozaliwa na katiba hiyo lilipata wapi uwezo wa kuifuta baada ya mwaka mmoja tu na kuweka Jamhuri? Na kwa nini haikuwa na sura ya haki za binadamu, ilhali ya Kenya ilikuwa nayo?

Jibu: Ndugu msomaji, mhadhiri wako yuko sahihi, ila zipo nyaraka mbili hapo na wanafunzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya 1961, iliyotungwa na Bunge la Uingereza. Hiyo si katiba. Kazi yake ilikuwa kuondoa mamlaka ya Uingereza ya kuitungia Tanganyika sheria kuanzia tarehe 9 Desemba 1961. Ya pili ni Amri ya Malkia katika Baraza, yaani amri anayoitoa kwa ushauri wa Baraza lake, ya mwaka huohuo. Katiba yenyewe ni jedwali lililoambatishwa nyuma ya Amri hiyo.

Angalia vizuri hapo unaponukuu. Amri ina vifungu vyake, na Katiba iliyo kwenye jedwali ina vyake, kila upande ukianza na kifungu cha kwanza. Nimesoma insha nyingi zinazotaja "kifungu cha 4 cha Katiba ya 1961" kumbe mwandishi ananukuu Amri. Mwili wa Amri ndio uliobeba mambo ya mpito: sheria zilizokuwepo ziendelee kutumika, na zisomwe pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zioane na hali mpya. Sheria ya kikoloni iliyomtaja Gavana, kwa mfano, haikuhitaji kutungwa upya. Jaji aliisoma kana kwamba imemtaja mwenye mamlaka hayo chini ya mpangilio mpya. Bila masharti ya namna hiyo, nchi ingeamka asubuhi ya uhuru haina sheria ya ardhi, ya kodi wala ya jinai.

Sasa uwezo wa kuifuta. Katiba ya 1961 ilieleza namna ya kujibadilisha: wingi wa theluthi mbili bungeni. Kura hazikuwa tatizo, maana katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kwa hesabu hiyo Serikali ingeweza kupeleka muswada wa marekebisho, ikamwondoa Malkia na mwakilishi wake, Gavana Mkuu, ikamweka Rais, basi. Lakini katiba ya Jamhuri iliyopatikana hivyo ingebaki kuwa marekebisho ya jedwali la amri ya Malkia. Ukifuatilia asili ya nguvu yake ya kisheria, kila mara ungeishia London.

Njia iliyotumika ilikuwa ya ujanja kidogo, na mimi huipenda kwa sababu hiyo. Serikali ilichapisha mapendekezo yake katika Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1962, Bunge likayajadili. Kisha Bunge, kwa utaratibu wake wa kawaida, likatunga sheria ya kujigeuza kuwa Bunge la Katiba. Wabunge walikuwa walewale, lakini sasa waliketi kwa jina jingine na kwa kazi moja: kutunga katiba mpya, si kurekebisha ya zamani. Katiba ya Jamhuri ikaanza kutumika tarehe 9 Desemba 1962. London nayo ilitunga sheria fupi ya kuweka sawa mambo ya upande wake, lakini nguvu ya katiba yetu haikutoka huko tena.

Kwa hiyo jibu la swali lako lina pande mbili, na kwenye mtihani usichague mmoja ukauacha mwingine. Daraja la kuvukia lilijengwa na Katiba ya 1961 yenyewe, kwa kuwa Bunge lililotunga sheria ile lilikuwa halali chini yake. Ila kilichotungwa baada ya kuvuka kilidai kutoka kwa wananchi kupitia Bunge la Katiba. Ukitaka kuona tofauti, linganisha na Zanzibar. Katiba ya uhuru wake wa tarehe 10 Desemba 1963 ilidumu wiki chache tu, mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaiondoa, na visiwa vikaongozwa kwa dikrii, yaani amri za watawala zenye nguvu ya sheria, hadi ilipokuja Katiba ya Zanzibar ya 1979. Huko hapakuwa na daraja.

Kichekesho kimoja cha kisheria: uchaguzi wa Rais wa kwanza ulifanyika Novemba 1962, Julius Nyerere akishindana na Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika. Wote wawili waligombea cheo ambacho hakikuwemo katika katiba iliyokuwa ikitumika siku ile ya kura.

Kuhusu haki za binadamu, usitafute sababu kwenye maandishi ya katiba. Tazama nani alikuwa mezani. Katiba ya Kenya ilijadiliwa Lancaster House, London, katika mikutano mitatu kati ya 1960 na 1963. Vyama vya KANU na KADU vilikuwa vikivutana, walowezi wakihofia mashamba yao, na makabila madogo yakitaka majimbo yenye mamlaka yake. Kila upande ulidai kinga, na sura ya haki ilikuwa mojawapo ya kinga hizo. Mkutano wa Tanganyika ulifanyika Dar es Salaam, Machi 1961, kwa siku chache tu. Hapakuwa na chama cha pili chenye nguvu ya kudai kitu. Serikali yenyewe haikutaka sura hiyo: iliona ingeizuia kuleta maendeleo haraka na ingeigonganisha na mahakama, ambazo wakati ule majaji wake walikuwa wageni.

Mwaka 1962, haki zikatajwa kwenye dibaji ya Katiba ya Jamhuri. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Kuwekwa Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu ndani bila kesi na kuzuia mahakama kuihoji amri yake. Je, dibaji ingeweza kumsaidia mtu wa namna hiyo? Katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lesinoi Ndeinai na mwenzake (1980), Jaji Kisanga wa Mahakama ya Rufani alieleza kuwa dibaji si sehemu ya sheria ya nchi. Sura ya haki iliingia katika Katiba kwa marekebisho ya Sheria Na. 15 ya 1984, na hata hapo wananchi walisubiri hadi Machi 1988 kabla ya kuruhusiwa kuitumia mahakamani.

Hukuuliza, lakini nitaongeza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kuondoka kwa Malkia. Chini ya Katiba ya 1961, Gavana Mkuu Sir Richard Turnbull alikuwa na mamlaka mengi kwenye karatasi, ila kwa kawaida alitakiwa kufuata ushauri wa mawaziri. Mamlaka halisi yalikuwa kwa Waziri Mkuu na Baraza lake, na wao wangeweza kuangushwa na Bunge. Katiba ya 1962 iliyachukua yale mamlaka ya karatasi, ikamkabidhi Rais, ikauondoa ule wajibu wa kufuata ushauri. Watu husema tulibadilisha tu jina la mkuu wa nchi. Hapana, tuliunganisha vyeo viwili na kukiondoa kizuizi kilichokuwa kati yao.

Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 37(1), uone: "Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote", isipokuwa pale Katiba au sheria inapotaka vinginevyo. Wazo hilo ni la 1962, na limevuka Muungano wa 1964, Katiba ya Muda ya 1965 na kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992. Kwa hiyo ukipangiwa insha kuhusu chimbuko la mamlaka ya Rais, usianzie 1977. Anza na Waraka Na. 1 wa 1962, ambamo Serikali inaeleza yenyewe kwa nini ilitaka mtendaji mwenye nguvu, halafu usome masharti ya Gavana Mkuu ya 1961 kando yake.