Kutambua aina za mbaazi: usianze na punje

Mtu akiniletea mbaazi kiganjani na kuniuliza ni aina gani, nami humuuliza: ulipanda lini, na zilichanua lini? Punje peke yake haisemi mengi. Nyeupe kubwakubwa utazikuta Babati, utazikuta Lindi, na shambani zisifanane hata kidogo.

Kwa hiyo daftari lianze na tarehe. Za muda mfupi huwa tayari kwa miezi minne hivi, za kati sita, za muda mrefu nane au tisa. Ila muda huo hubadilika na mahali. Mbaazi za muda mrefu zilizozoea ubaridi wa milimani ukizishusha pwani, joto huzichelewesha kuchanua. Andika mwinuko na mwezi wa kupanda, na ukitaka kulinganisha aina mbili, zipande siku moja, shamba moja. Bila hivyo unalinganisha hali ya hewa tu.

Halafu angalia ncha ya tawi: imeishia kwenye kishada cha maua, au inaendelea kurefuka huku maua yakitokea chini yake?

Ua ndilo tamu kulichunguza. Tazama mgongo wa petali kubwa: njano tupu, njano yenye michirizi myekundu, au nyekundu yote. Wataalamu wa zamani waligawa mbaazi zote mafungu mawili, flavus ya maua ya njano na bicolor ya rangi mbili. Mimi mgawanyo huo siutumii. Nyuki huchanganya chavua, na katika shamba la kawaida utakuta kila namna katikati ya hizo mbili.

Rangi ya ganda iandike likiwa bichi, maana likikauka michirizi ya zambarau hupotea. Punje hesabu katika maganda kumi, usitosheke na moja.

Jina liwe la mwisho. Mbegu inayoitwa Mali hapa Tanzania, Malawi inaitwa Kachangu. Zote ni ICEAP 00040, ndiyo namba yake ya watafiti. Namba ikiwepo, iandike kabla ya jina.

Na kama unataka mbegu ya mwakani ifanane na maelezo yako, funika matawi machache kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka. Mbaazi hujichavusha yenyewe humo ndani. Yafunge uzi maganda yatakayotoka hapo, uyavune peke yake.