Tarehe zimeingia kwenye PostgreSQL, lakini ni za mwezi gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natunza kumbukumbu za SACCOS yetu kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Faili ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) ya marejesho ya mikopo, tarehe 1 hadi 12 Machi 2024, iliingia bila tatizo. Ya tarehe 13 hadi 31 imegoma. Ujumbe unasema tarehe "13/03/2024" imevuka mipaka. Hii faili ya pili ina kasoro gani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Faili ya pili ni nzima. Inayonitia wasiwasi ni ile iliyoingia kimya kimya.

Chungulia jedwali lako sasa hivi. Bila shaka utakuta marejesho ya faili ya kwanza yote yamekaa tarehe 3: 3 Januari, 3 Februari, hadi 3 Desemba. Aliyelipa tarehe 5 Machi anasomeka amelipa 3 Mei.

PostgreSQL ikikutana na 05/03/2024 hufuata mpangilio uitwao datestyle. Andika `SHOW datestyle;` na nadhani utaona MDY, yaani mwezi kwanza, kama wanavyoandika Marekani. Siku 12 za mwanzo zote zinaweza kupita kama miezi. Ya 13 haina mwezi wake, na kwa kuwa COPY, amri ya kupakia faili, huingiza faili nzima au haiingizi kitu, yote ikakataliwa.

Weka nakala ya akiba kwanza, kisha futa miamala ya faili ya kwanza. Itambue kwa namba za risiti, usiitafute kwa tarehe, maana malipo halali ya 3 Januari yanafanana nayo kabisa. Halafu, ndani ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), pakia faili zote mbili, ukibadilisha jina la faili kila mara:

`SET datestyle = 'ISO, DMY';`
`\copy marejesho FROM 'machi.csv' CSV HEADER`

Neno ISO linahusu namna tarehe zitakavyoonyeshwa. DMY ndiyo inayosema siku itangulie wakati wa kusoma. Amri hiyo hudumu kwa muunganisho huo tu, kwa hiyo ukitoka na kurudi, iandike tena.

Mimi mwenyewe hupakia kwanza kwenye jedwali la muda ambalo safu ya tarehe ni `text`, yaani maandishi tu, kisha nahamisha kwa `to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY')`. Ni hatua moja zaidi, lakini mpangilio unaandikwa wazi kwenye amri yenyewe, na atakayerithi kazi yako atauona. Kama anayekutumia faili anaweza kukupa 2024-03-05, mwombe: hiyo PostgreSQL huisoma vilevile kwa mpangilio wowote. Na faili ikague kwa kihariri cha maandishi matupu, kwa sababu Excel inaweza kugeuza tarehe kufuata mipangilio ya kompyuta yako.

Ukimaliza, angalia `min(tarehe)` na `max(tarehe)`, yaani tarehe ya mwanzo na ya mwisho, za risiti hizo. Zote mbili lazima ziwe ndani ya Machi. Kabla ya hapo, tafadhali usimkokotolee mwanachama yeyote faini ya kuchelewa.